Jibu: Buibui waliwezaje kuishi pamoja?

Ndugu, umeuliza buibui, ambao wengi wao hulana, waliwezaje kuishi kijamii, na utafiti uanzie wapi. Mimi ningeanza na Stegodyphus, jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya buibui. Katika jenasi hiyo spishi tatu zimefikia maisha ya pamoja ya kudumu, kila moja kivyake, kutoka kwa mababu walioishi peke yao. Ukizilinganisha na ndugu zao wapweke, unaona mageuzi yakijirudia. Hiyo ni bahati kubwa kwa mtafiti.

Kwa maoni yangu mzizi uko kwenye malezi. Hata mama mpweke wa Stegodyphus huwatapikia watoto chakula, kisha wao humla yeye mwenyewe! Kilichobadilika ni kwamba watoto wakikua hawatawanyiki: wanazaliana ndugu kwa ndugu kiotani, na majike huwa wengi kuliko madume. Katika Stegodyphus dumicola wa kusini mwa Afrika, mojawapo ya spishi hizo tatu, hata majike ambao hawajazaa hulisha watoto wa wenzao na kuliwa nao. Gharama ya kuzaliana ndugu kwa ndugu ni uhaba wa anuwai ya kijenetiki, kwa hiyo pima jeni pamoja na tabia.

Halafu chunga vyanzo. Tangu 2020 makala kadhaa kuhusu tabia za buibui hawa zimeondolewa na majarida kwa kasoro za data. Hakiki kila makala kabla ya kuijengea hoja.