Picha kupauka: anza na weusi na weupe, rangi baadaye

Ndugu, umesema picha zako zinatoka zimepauka na ukiongeza rangi sura za watu zinageuka chungwa, hapo shida sio rangi, ni kwamba picha haina weusi wa kweli wala weupe wa kweli. Fungua GIMP au programu yoyote ya kuhariri picha unayotumia, ingia kwenye Levels (sehemu ya kurekebisha giza na mwanga) uangalie ile histogramu, yaani mchoro kama kilima unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani, inaanzia 0 (nyeusi kabisa) mpaka 255 (nyeupe kabisa), sasa kama kilima chako kimeanza kwenye 40 kikaishia 200 basi pembeni kote kuko tupu, ndo maana kila kitu kina kama ukungu. Vuta kile kipembetatu cheusi cha kushoto chini ya histogramu mpaka kilima kinapoanzia na cheupe cha kulia mpaka kinapoishia, utashangaa rangi zinavyoamka bila hata kuzigusa. Ila usiingie ndani ya kilima aisee, ukiingia mawingu yanabaki doa jeupe na nywele nyeusi zinakuwa bonge moja halina hata unywele unaoonekana.

Rangi ongeza baada ya hapo, kidogo tu, na kama programu yako ina Vibrance tumia hiyo kuliko Saturation inayokoleza rangi zote kwa pamoja, sababu Vibrance inasukuma zaidi zile rangi zilizofifia na inaihurumia ngozi.

Halafu kama kwenye kompyuta ziko poa ila ukiziposti ndo zinapauka, hiyo ni kesi nyingine kabisa, cheki kamera isije ikawa imewekwa Adobe RGB, mfumo wa rangi ambao programu na tovuti nyingine haziusomi vizuri, wakati wa kusevu zigeuze ziwe sRGB, ule mfumo wa kawaida wa mtandaoni.