Kuzamia Mafia, kisha ndege ndogo kurudi Dar

Je, ukizamia Mafia unaweza kupanda ndege ndogo kurudi Dar bila kusubiri, kwa kuwa huruka chini? Hapana, ndege kuruka chini hakukuondolei kusubiri. Ukizamia kwa mtungi mara moja tu, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, angalau 18. Huo ni mwongozo wa DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji), na unaanzia kimo cha futi 2,000, ambacho ndege ndogo kama Cessna Caravan inakipita dakika chache baada ya kuacha Kilindoni. Tena kabini yake haiongezewi mgandamizo: futi 7,000 nje ni futi 7,000 ndani. Mgandamizo ukipungua, naitrojeni ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini huweza kugeuka mapovu, ndipo viungo vinauma, ngozi inawasha, miguu inakufa ganzi.

Kama ulilazimika kusimama njiani wakati wa kupanda juu ili kutoa gesi, zidisha sana hizo 18. Mimi nasema 24 kamili.

Siku ya mwisho achana na mtungi. Kuogelea juu juu kwa miwani na mrija hakuna shida hata asubuhi ya safari, na papa potwe (Oktoba hadi Machi) huonwa hivyo hivyo. Ila usipige mbizi za kubana pumzi kwenda kina kirefu.