Sonona si uzee
Umeuliza kama huzuni ya bibi yako mwenye maradhi ya multipo sklerosisi inatokana na umri au uchache wa imani. La, haitokani na hayo, kwani katika maradhi hayo kinga ya mwili huushambulia utando wa nyuzi za fahamu, hata kwenye sehemu za ubongo zinazoratibu hisia, na takriban nusu ya wagonjwa hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, wakati fulani maishani. Katika kazi yangu ya uuguzi hapa Unguja nimeona familia zikisema "kachoka tu", ilhali mgonjwa ameacha hata kukaa barazani alasiri. Hata hivyo, uchovu na usahaulifu huletwa pia na maradhi yenyewe, hivyo daktari ndiye wa kupambanua. Sonona hutibika hata uzeeni, kwa ushauri nasaha na dawa.