Mwotaji kasemaje? Kwa wadogo zangu wa umahiri

Wiki hii nimekaa kwenye semina mbili, na zote zilihusu kufasiri taashira za ndoto. Nimesikia "kwa mujibu wa Freud (yule mwasisi wa saikolojia changanuzi), maji ni uzazi," kisha slaidi inayofuata. Nilijiona mle mle, nikainamisha kichwa.

1. Taashira na ishara si kitu kimoja. Jung, mwanafunzi wa Freud aliyejitenga naye, alilishikilia hilo: ishara huonyesha kitu kinachojulikana, taashira huelekeza kwenye kisichojulikana kikamilifu. Jones, mfuasi wa Freud, mwaka 1916 alibana zaidi: kilichokandamizwa tu, yaani kilichosukumwa nje ya fahamu, ndicho hupata taashira. Amua unamfuata nani ukiwa bado kwenye pendekezo la utafiti.

2. Msikilize mwotaji kwanza. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilihusu ndoto ya Irma, ile ya Julai 1895 inayomhusu mgonjwa wa Freud. Nikaona sindano, nikaisoma kama taashira ya uume, na nyie mnajua nilikoelekea. Kurasa 14 za sindano! Siku ya kuwasilisha nikavaa mpaka tai. Msimamizi akaniacha nimalize, akashusha kikombe chake cha chai, akauliza, "Mwotaji mwenyewe kasemaje?" Kimya. Mwotaji ni Freud, na kasema kurasa kwa kurasa: mgonjwa wake hajapona vizuri, rafiki yake daktari kamletea habari hizo kwa sauti yenye lawama, na usiku ndotoni ni rafiki huyohuyo aliyechoma sindano ambayo huenda haikuwa safi. Kosa limehamia kwa mwenzake. Ndoto nzima inamtoa Freud hatiani, nami nilikuwa nimeyaruka maelezo yote hayo kama mtoto anayetazama picha za kitabu. Kwa Freud, orodha ya taashira ni ya kujazia pale mwotaji anapokwama. Mimi niliigeuza ile ya bibi: meno yakidondoka, msiba. Na bibi angalau angeuliza umeota usiku au alfajiri.

3. Ricoeur, mwanafalsafa Mfaransa, wa kitabu cha 1960 (juu ya taashira za uovu) si wa kile cha 1965 (juu ya Freud). Soma kwa mpangilio huo. Anamweka Freud na Marx na Nietzsche, mabingwa wa shaka, na shaka yao anaipokea. Anachoongeza ni kwamba taashira ikitazama nyuma utotoni, hutazama na mbele pia. Kwa Oedipus, mfalme wa tamthilia ya Kigiriki aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, Freud anaona baba na mama. Ricoeur hakatai, ila anaona na mfalme mwenye kiburi mbele ya ukweli. Juzi mmoja wenu akaniambia, "Kwa hiyo Ricoeur kashinda." Kashinda nini, mdogo wangu, kwani ilikuwa ligi?

4. Hifadhi rasimu sehemu mbili. Zile kurasa 14 ninazo bado. Anayetaka kucheka aje baada ya saa nane.