Mti au mbao? Nguvu tano za Wachina kwa Kiswahili

Swali: Mwaka 2026 unaitwa Mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda ya Wachina. Nilipotafuta maana yake nilikuta orodha ya "elementi tano: mbao, moto, dunia, chuma na maji". Je, Kiswahili hicho ni sahihi?

Jibu: Moto na maji hayana ubishi. Mengine yalipitia kwanza Kiingereza kabla ya kutufikia, na njiani yakapotoka.

Kosa kubwa ni "dunia". Neno la Kichina ni "tu", nao ni udongo, huu tunaoulima. Waingereza wanatumia neno moja kwa udongo na kwa dunia nzima. Sisi tuna maneno mawili, kwa nini tuyachanganye? Hata wanajimu wetu wa pwani husema nyota za moto, udongo, upepo na maji. (Upepo usiutafute kwa Wachina, haumo.)

"Mbao" nayo inanisumbua. Ubao ni mti uliokwisha kukatwa na kupasuliwa, ilhali mu ya Wachina ni mti unaochipua, na majira yake ni yale ya machipuko. Kiswahili kina bahati hapa. Mti ni ule uliosimama shambani, na mwiko wa jikoni nao ni wa mti. Mu hubeba maana zote mbili vivyo hivyo. Kwa hiyo 2024 ulikuwa Mwaka wa Joka la Mti, na 2025 Mwaka wa Nyoka wa Mti.

Chuma kibaki. Jin katika Kichina cha leo ni dhahabu, lakini katika hesabu hii ni kila kinachofuliwa, na mtu wetu wa kawaida hukiita chuma.

Ama "elementi", tuwaachie wanakemia. Wachina husema wuxing: wu ni tano, xing ni kwenda. Hivi si vitu vilivyotulia. Maji hukuza mti, mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, udongo hutoa chuma, na chuma, wasemavyo wao, huzaa maji. Mimi huandika "nguvu tano". Anayetaka kuwa karibu zaidi na asili aandike "mienendo mitano".

Kila nguvu hushika miaka miwili mfululizo, na kila mwaka una mnyama wake kati ya 12, hivyo mzunguko wa nguvu na wanyama hutimia baada ya miaka 60. Farasi wa Moto aliyetangulia alikuwa 1966. Mwaka huo huko Japani uzazi ulishuka kwa takriban robo, kwa imani kwamba msichana wa mwaka huo humletea mumewe mkosi.

Angalia pia tarehe unapoandika. Mwaka huu wa Farasi unaanza 17 Februari 2026, kwa kuwa Wachina hufuata mwandamo wa mwezi. Mtoto aliyezaliwa Januari 2026 bado ni wa Nyoka wa Mti.