V-Strom 650 yenye km 46,000: itahimili safari ndefu?

Swali: Nimepata Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2014 iliyotembea km 46,000. Nataka kwenda nayo safari ya km 6,000 kwa wiki tatu, sehemu kubwa lami na vumbi kidogo. Nina kilo 82, mizigo haitazidi kilo 35, na zipo siku ambazo mke wangu (kilo 64) atapanda nyuma. Muuzaji anasisitiza kwamba injini ni nzima kabisa. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

Jibu: Huenda muuzaji anasema kweli. Injini hiyo ya cc 645 yenye silinda mbili za umbo la V ni ngumu, na ni nadra kumlaza mtu njiani. Wanaolala njiani huangushwa na vitu vinavyoizunguka: cheni, beringi, chaji na uzito. Tuanze na uzito, maana huo unaupiga hesabu ukiwa nyumbani.

Pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta ni kilo 214 hivi. Wewe na helmeti, koti na buti ni kama kilo 92. Mkeo na vazi lake, 72. Mizigo 35. Halafu kuna kitu wengi wanakisahau: masanduku matatu na vyuma vyake, ambavyo hufika kilo 20 kabla hujaweka hata soksi. Jumla ya mzigo ni kilo 219. Fungua kitabu cha pikipiki, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa 214. Pikipiki za kundi hili kwa kawaida hubakiza nafasi ya kilo 180 hadi 220, kwa hiyo mkiwa wawili mko kwenye ukingo au mmeshauvuka. Ukiwa peke yako huna shida. Siku za wawili, masanduku ya chuma yabadilishe kwa mifuko laini. Utaokoa kilo kumi na zaidi bila kuacha nguo hata moja.

Sasa nenda ukaione, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta injini ina joto, rudi siku nyingine. Vali (milango midogo ya injini inayoingiza hewa na kutoa moshi) zinazobana huonekana zaidi kwenye kuwaka, wala hazipigi kelele. Zinazogonga ni zilizolegea, na hizo hazina hatari kubwa. Kwa hiyo usitulie kwa sababu tu injini iko kimya. Iwashe ikiwa baridi, izungushe mpaka ipate moto sawasawa, izime dakika kumi, kisha uwashe tena. Ikisumbua kuwaka ikiwa moto, nafasi ya vali ni mojawapo ya mambo ya kupima. Ratiba ya Suzuki ni kupima vali kila km 24,000. Maana yake ni kwamba ya kwanza ilipaswa kufanyika zamani (omba karatasi ya gereji), na ya pili itaangukia km 48,000, yaani katikati ya safari yako. Ifanye kabla hujaondoka, na gharama yake iingize kwenye mapatano ya bei.

Cheni usiipime kwa macho. Ivute ikaze, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya saizi hii inatoa mm 317.5, ikifika 319.4 imekwisha. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni iliyokosa mafuta hairefuki sawasawa. Zungusha gurudumu taratibu na uangalie kulegea kwake katikati: kama mahali pamoja inalegea mm 25 na pengine mm 40, kuna viungo vilivyoganda, na hakuna mafuta yatakayoviponya. Nunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi yenye meno kama ya msumeno inaliwa haraka sana.

Beringi ya usukani ndiyo ninayoikuta mbovu mara nyingi kwenye pikipiki za umri huu. Inua gurudumu la mbele litoke chini, shika usukani kwa vidole viwili tu, upeleke polepole kushoto na kulia. Ukihisi kishimo kidogo usukani ukiwa umenyooka, kana kwamba unataka kutulia hapo wenyewe, beringi imechongeka. Mjini hutaona kitu. Ukipakia mizigo nyuma na kufika km 100 kwa saa, itaanza kutangatanga barabarani na utalaumu upepo. Hapo hapo tikisa gurudumu juu na chini kusikiliza beringi za ekseli, halafu shika mkono wa nyuma unaobeba gurudumu na uusukume kando. Haupaswi kucheza hata kidogo.

Chaji inahitaji multimita, yaani kipima volti. Betri iliyopumzika saa kadhaa isome volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, taa ziwe zinawaka, panda mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika: tarajia 13.8 hadi 14.8. Rudia baada ya kuendesha nusu saa, kwa sababu koili (inayozalisha umeme) na regulata (inayodhibiti volti) vinavyokaribia kufa hufanya kazi vizuri vikiwa baridi. Ikishuka chini ya 13.5, fuata nyaya tatu zinazotoka kwenye koili ya chaji hadi kwenye soketi yake. Plastiki iliyobadilika rangi ya kahawia au kuyeyuka imeshatoa ushahidi.

Kuna jambo dogo la pikipiki hii ambalo wengi hawalijui. Plagi ya silinda ya mbele imekaa kwenye shimo linaloelekea gurudumu, na lina tundu dogo la kutoa maji. Tundu hilo huziba kwa tope. Mvua ikinyesha maji yanajaa, na injini inaanza kukohoa na kutembea kwa silinda moja. Lisafishe kwa waya mwembamba, kisha ongeza kipande cha plastiki chini ya madigadi ya mbele. Chujio la oili nalo liko mbele, wazi kwa mawe, kwa hiyo kinga ya chini ya injini si pambo.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Chini ya mm 3 za kashata (kina cha mifereji ya tairi), au zaidi ya miaka sita, hesabu kwamba unanunua mpya. Kwa bahati rimu za mwaka huo hazitumii tyubu, kwa hiyo vizibo vya utambi na pampu ndogo vinatosha kwa pancha ya msumari. Upepo ni psi 33 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako, 41 nyuma mkiwa wawili.

Shokapu za mbele zipitishie kidole chini ya sili kuona kama kuna oili. Ya nyuma ipime na mzigo wako halisi: mtu mmoja apime kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu gurudumu likiwa hewani, halafu wewe na mizigo mkiwa juu. Tofauti iwe theluthi moja hivi ya mwendo wake wote, yaani mm 50 na kidogo. Ikizidi 60 hata kitasa cha kukaza springi kikiwa mwisho, springi imechoka au ni laini kwako. Mbele kutakuwa kwepesi, na usiku taa itawapiga machoni wanaokuja.

Jaribio la barabarani lisipungue dakika 40, kwa km 110 kwa saa. Helmeti ikitikisika, simama kwenye vikanyagio: mtikisiko ukiisha, tatizo ni kioo cha upepo wala si helmeti, na hicho hupanda au kushuka kwa kufungua boliti.

Mafuta: tangi ni lita 20. Ukiacha lita 3 za akiba na kuhesabu lita 4.5 kwa km 100, unafika km 370 hivi. Na mizigo, mwendo wa kasi na upepo wa mbele, weka lita 5.5, yaani km 300. Panga vituo kwa hesabu hii ya pili.

Ukikuta cheni, tairi na beringi ya usukani vyote vimekwisha, usiikatae. Piga hesabu ya vipuri na ufundi, itoe kwenye bei aliyotaja. Chaji ikisoma chini baada ya joto na muuzaji hataki soketi ifunguliwe, hiyo iache.