Alifariki, sisi tukasema amesafiri

SWALI: Nafundisha darasa la kwanza hapa Busia. Muhula huu mtoto mmoja alifariki kwa malaria, tukawaambia wenzake amesafiri. Aliyekuwa akikaa naye dawati moja, ana miaka sita, kila asubuhi anamwekea nafasi. Nataka kumsaidia kwa hadithi. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, poleni. Anza kwa kuifuta hiyo safari, maana anayesafiri hurudi, tena na zawadi. Ukishaongea na wazazi wa huyo mtoto wa miaka sita, mwambie wazi: "Alifariki. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hatarudi." Na usiseme amelala, usije ukamtia hofu ya kitanda.

Hadithi ifuate hapo, ila chagua vizuri. Sungura anayejifanya maiti, Fisi akigeuka anachomoka mbio, muweke kando kwa sasa. Watoto wengi huanza kuelewa kwamba kifo hakina kurudi kati ya miaka mitano na saba, na huyu wako yumo humo humo.

Tunga yako, fupi. Kasuku huangusha maembe, Kobe huyaokota, wanakula pamoja. Kasuku akaugua, akafa. Kesho yake Kobe akaja chini ya mwembe, akangoja, akanuna. Nyamaza hapo, kisha uliza: "Kobe anawaza nini?" Yale asiyothubutu kusema juu yake mwenyewe atayasema juu ya Kobe. Huenda akakujibu, "Kobe alimtukana, ndiyo maana akafa." Usicheke wala usimkemee, watoto wa umri huo huamini hasira yao inaweza kuua. Mwambie: "Kasuku aliuawa na ugonjwa. Matusi hayamuui mtu." Na tafadhali, usimletee Kobe rafiki mpya mwishoni. Sisi watu wazima ndio tunaoharakia mwisho mtamu.

Akiacha hadithi katikati akakimbilia mpira, mwache. Watoto huomboleza kwa vipande.

Baadaye mpe daftari. Nchini Uganda, miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA, shirika la wanawake wanaoishi na VVU, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Naye achore walivyokaa, walichocheza, hata walivyogombana. Dawati usilihamishe kabla ya kumuuliza yeye.

Ila wiki zikipita akawa bado hali chakula, halali usingizi, au akisema anataka kumfuata mwenzake, usingoje muhula uishe: zungumza na wazazi wake siku hiyo hiyo, wampeleke kituo cha afya aonane na mshauri nasaha.